Mukau na Jina la Volkens: Historia ya Jina la Kilatini la Mti wa Ukambani

Jina la kitaalamu la mukau ni Melia volkensii. Lina maneno mawili, na hakuna hata moja lililotoka katika nchi ambako mti huo huota. La kwanza ni la Kigiriki. La pili limetokana na jina la ukoo la Mjerumani. Mukau wenyewe ni mti wa nyika kavu za Kenya, Tanzania, Ethiopia na Somalia, na Ukambani ni mojawapo ya sehemu ambako umejulikana na kutunzwa kwa muda mrefu zaidi. Kitui na Makueni, mkulima anaposafisha shamba la mtama, kunde au mbaazi, huuacha mukau usimame. Anajua kwamba mbao zake haziliwi na mchwa, na kwamba majani yake yatawafaa mbuzi wakati nyasi zimekwisha. Watu wanaoliona pengo hili kati ya mti na jina lake husema kwamba Kilatini ndicho kilichomfungia Mkamba mlango, kwa kuwa lugha ya wasomi wa Ulaya haikuweza kubeba neno la Kiafrika. Maelezo hayo hayasimami mbele ya ushahidi. Sarufi ya majina ya mimea ilikuwa na nafasi ya neno la wenyeji, na nafasi hiyo ilikwisha kutumiwa kwa ndugu wa karibu wa mukau miaka 142 kabla mukau haujapewa jina. Kilichoamua ni historia: nani alichuma tawi, lilipelekwa wapi, na nani aliketi mezani kuliandikia jina. Tukilielewa hilo, tutajua pia ni dawa gani inayofaa leo na ni ipi isiyofaa.

Tuanze na neno la kwanza. Kwa Wagiriki wa kale, melia ulikuwa mti wa milimani wenye mbao ngumu zinazopindika bila kuvunjika. Homer anasimulia kwamba mpini wa mkuki wa shujaa Akile ulikatwa katika mti huo, juu ya mlima Pelion. Mti ule ni wa jamii moja na mzeituni, hauna udugu wowote na mukau, na hauoti Ukambani. Neno lilihamishwa na Carl Linnaeus wa Uswidi, katika kitabu chake cha 1753 ambacho hadi leo ndicho mwanzo wa majina halali ya mimea. Linnaeus alikuwa na mti wa Asia ambao majani yake, yaliyopangwa kwa vijani vingi juu ya kikonyo kimoja, yalifanana na ya melia ya Wagiriki. Akauita Melia azedarach. Neno hilo la pili linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu si la Kilatini wala la Kigiriki. Asili yake ni Kiajemi, azad dirakht, yaani mti huru, au mti ulio bora. Linnaeus alilichukua lilivyofika kwake, akaliweka nyuma ya Melia, na sarufi haikulalamika. Katika kitabu hichohicho aliuita mwarobaini Melia azadirachta, kwa neno lenye asili hiyohiyo. Mwaka 1830 Adrien de Jussieu alipoutenga mwarobaini na kina Melia, neno la Kiajemi likapanda cheo na kuwa jina la kwanza: Azadirachta indica. Basi ndugu wawili wa mukau kutoka Asia wamebeba maneno ya watu wa Asia, huku mukau ukibeba jina la mtu wa Berlin.

Ili kuona jinsi hilo lilivyowezekana, lazima tuingie katika sarufi. Kila nomino ya Kilatini ina jinsia yake: ya kiume, ya kike, au ya kati. Kwa kawaida nomino zinazoishia na -us ni za kiume na zinazoishia na -a ni za kike. Miti, hata hivyo, ina desturi yake. Neno arbor, yaani mti, ni la kike, na majina ya miti hufuata jinsia hiyo hata yakiwa na umbo la kiume: ficus, ulmus, pinus, fraxinus, yote ni ya kike. Desturi hiyo ya Warumi iliendelezwa na wataalamu wa mimea, ndiyo maana mkwaju, ambao Wakamba wanauita muthumula au kithumula, ni Tamarindus indica na wala si Tamarindus indicus. Na mwerezi wa milima ya Kenya ni Juniperus procera, si procerus. Desturi ina mipaka yake, kwani podo ni Podocarpus latifolius, kwa umbo la kiume, lakini kwa miti mingi inashika. Kwa msomaji wa Kiswahili jambo hili si geni hata kidogo. Nasi tumeitengea miti mahali pake katika sarufi, ngeli ya m- na mi-, na Kikamba kinafanya vivyo hivyo: muti kwa mmoja, miti kwa mingi. Warumi hata walitenga tunda na mti kama sisi. Kwao pirus wa kike ni mti na pirum wa jinsia ya kati ni tunda lake. Kwetu mbuyu ni mti na buyu ni tunda. Lugha mbili zisizo na udugu zimeona kwamba mti unastahili mahali pake katika sarufi. Ugeni wa Kilatini, kwa hiyo, ni mdogo kuliko unavyodhaniwa.

Baada ya jina la kwanza, sarufi inatoa njia tatu za kuweka la pili. Ya kwanza ni kivumishi, na kivumishi lazima kikubaliane na jinsia ya jina la kwanza. Ndiyo sababu tunaandika Kigelia africana, kwa kuwa Kigelia ni la kike, lakini mti wa nyika uliopewa jina la mji wa Voi unaandikwa Platycelyphium voense, kwa kuwa Platycelyphium ni la jinsia ya kati. Ungekuwa wa kike tungeandika voensis. Njia ya pili ni umilikaji, ambao kazi yake inafanana na -a unganifu yetu: jina la mtu linapewa mwisho unaomaanisha “wa fulani”, na mwisho huo haujali jinsia ya mti. Muuku, mti mwingine maarufu Ukambani, uliingia kwa njia hiyo na kuitwa Terminalia brownii, yaani Terminalia wa Brown. Njia ya tatu ni kuweka nomino kando ya nomino. Neno linasimama lilivyo, halibadiliki, halikubaliani na chochote, na linaweza kutoka katika lugha yoyote duniani. Azedarach iliingia kwa mlango huo. Kwa mlango huohuo mti wetu ungeweza kuitwa Melia mukau, na hakuna mwanasarufi yeyote ambaye angeona kosa.

Volkensii ni njia ya pili. Jina la ukoo Volkens linaishia na konsonanti, basi kwanza linavishwa umbo la Kilatini, Volkensius, kisha linawekwa katika hali ya umilikaji: volkensii, yenye i mbili. I ya kwanza ni ya shina lililotengenezwa, ya pili ndiyo alama ya “wa”. Majina yanayoishia na -er hayahitaji i ya kwanza, kwa hiyo Engler anatoa engleri. Volkens angekuwa mwanamke tungeandika volkensiae. Na kama mtoaji wa jina angependa kivumishi badala ya umilikaji, angeandika Melia volkensiana, kwa umbo la kike, ili kukubaliana na Melia. Herufi ya kwanza ni ndogo ingawa ni jina la mtu, kwa sababu hiyo ndiyo desturi ya sasa kwa neno la pili. Kila kipande cha jina hili kina kanuni yake, na katika kanuni zote hizo hakuna hata moja inayomlazimisha mtoaji wa jina kumchagua Volkens.

Sasa historia yenyewe. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuigawa Afrika Mashariki, na mpaka ukapita kaskazini mwa Kilimanjaro, mlima ukabaki upande wa Wajerumani na Ukambani upande wa Waingereza. Mukau ulikuwa unaota pande zote mbili. Upande wa kaskazini, wamisionari wa Kiskoti walifungua kituo Kibwezi mwaka 1891. Upande wa kusini, Georg Volkens, mtaalamu wa mimea kutoka Berlin, alikaa katika kituo cha utafiti cha Marangu kuanzia 1892 hadi 1894, akikusanya mimea ya mlima na ya nyika inayouzunguka. Mwaka 1897 alitoa kitabu kikubwa juu ya Kilimanjaro. Makusanyo ya namna hiyo yalikaushwa, yakabanwa kati ya karatasi, yakatiwa sandukuni na kusafirishwa hadi Berlin, ambako Adolf Engler alikuwa mkurugenzi wa bustani ya mimea. Engler alihariri kazi kubwa juu ya mimea ya Afrika Mashariki, iliyochapishwa 1895 katika sehemu tatu: moja ya uenezi wa mimea, moja ya mimea yenye manufaa, na moja ya orodha ya spishi. Katika orodha hiyo, Max Gürke, mfanyakazi wa jumba la mimea la Berlin, ndiye aliyeuandikia mti wetu jina. Kwa hiyo aliyetoa jina si Volkens. Gürke alimheshimu mwenzake kwa njia iliyokuwa ya kawaida kabisa miongoni mwa wasomi wa wakati ule. Jina lilizaliwa kati ya watu wawili wa mji mmoja, mbele ya tawi kavu, mbali na wenyeji waliouona mti huo ukichipua. Mti ulio hai ulikuwa na wajuzi wake, lakini hawakuwamo chumbani.

Hapa pingamizi la kwanza linastahili jibu. Mtu anaweza kusema kwamba Gürke asingeweza kuandika mukau, kwa kuwa hakufika Ukambani, na Volkens alikaa miongoni mwa Wachaga. Tena mti huo una majina mengi: Wataita wanauita kirumbutu, Waborana bamba. Ni kweli, na kwa sababu hiyo simlaumu Gürke kwa kutokijua Kikamba. Lakini pingamizi hili linaeleza kwa nini halikuandikwa neno mukau. Halielezi kwa nini halikuandikwa neno lolote la Afrika Mashariki. Jina la mahali popote panapoota mti huo lingefaa, kama vile Kiajemi kilivyofaa bila kuwa lugha pekee inayoujua azedarach. Wala Ukambani haukuwa nchi isiyojulikana Ujerumani. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na wamisionari wa Uingereza, alifika Kitui mwaka 1849, akapokewa na Kivoi, kiongozi wa Wakamba, na akiwa huko, tarehe 3 Desemba, akauona Mlima Kenya. Johann Maria Hildebrandt alifika Kitui mwaka 1877, akakusanya mimea, na mwaka uliofuata akachapisha maelezo juu ya desturi za Wakamba. Njia ya maarifa kutoka Kitui hadi Berlin ilikuwapo. Mimea ilipita kwa wingi kuliko majina.

Wengine watasema kwamba tunawahukumu watu wa karne ya 19 kwa fikra za leo. Ushahidi unakataa. Fikra ya kuliheshimu jina la wenyeji ilikuwapo katika karne ya 18. Michel Adanson, Mfaransa aliyefika Senegal mwaka 1749, hakufurahia Linnaeus alipouita mbuyu Adansonia kwa heshima yake. Yeye alishikilia kwamba majina yaliyokwisha kutumika yaheshimiwe, na akaendelea kuuita baobab. Mibuyu mikubwa ya Kibwezi na Mtito Andei, ambayo Wakamba wanaiita miamba, inabeba kwa Kilatini jina ambalo mwenye jina mwenyewe hakulitaka. Kuna pia wataalamu waliofanya kinyume cha Gürke. Jina Kigelia, la mti ambao Wakamba wanauita muatine na ambao matunda yake hutiwa katika pombe ya asili, limetokana na jina la wenyeji wa Msumbiji, na lilipoingia katika Kilatini likawa la kike bila taabu. Mwaka 1970 Bernard Verdcourt aliuita mmea wenye maua ya kunukia wa pwani yetu Mkilua fragrans, akichukua neno la Kiswahili pamoja na kiambishi chake cha ngeli. Ikiwa Kilatini kilimeza m- ya Kiswahili mwanzoni mwa jina la kwanza, mahali pa heshima kuliko pote, kisingeshindwa na mukau katika nafasi ya pili.

Je, basi tulibadilishe jina? Rai hiyo ina watetezi. Mwaka 2020 wanasayansi wawili wa New Zealand walipendekeza kanuni zirekebishwe ili majina ya wenyeji yaweze kurudishwa. Mwezi Julai 2024, mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa mimea uliofanyika Madrid ulipiga kura kuondoa neno la matusi dhidi ya Waafrika katika majina zaidi ya mia mbili, kwa kugeuza caffra kuwa affra na mengine ya namna hiyo. Uamuzi ule ulikuwa wa haki, kwa sababu neno lile ni tusi na kila anayelitamka analirudia. Volkensii si tusi. Ni jina la mtu aliyefanya kazi ya kweli, na kulifuta kungefuta pia njia inayounganisha maandishi yote yaliyokwisha kuandikwa juu ya mti huo. Wakemia waliotoa kiungo kichungu ndani ya mukau walikiita volkensini. Jina limekwisha kuzaa jina. Gharama ya kubadilisha tumeiona kwa mulaa. Mti huo ulijulikana kama Acacia tortilis hadi mikutano ya Vienna mwaka 2005 na Melbourne mwaka 2011 ilipoamua jina Acacia libaki na miti ya Australia. Sasa wengi wanauandika Vachellia tortilis, vitabu vya zamani vinasema hivi na vipya vinasema vile, huku mkulima wa Mutomo akiendelea kusema mulaa kama babu yake. Katika kisa hicho jina la Kikamba ndilo lililokuwa imara kuliko la Kilatini. Hilo ni onyo kwa anayetaka kubadilisha majina kwa wepesi, na ni ushahidi pia kwamba jina la wenyeji linaweza kutegemewa.

Kinachonihangaisha zaidi ni maarifa yaliyofungwa katika kila jina. Melia volkensii linakupeleka kwenye jamii ya mti, ndugu zake wa Asia, maelezo ya Gürke na maandiko ya maabara. Mukau linakupeleka kwenye mti wenyewe. Chukua mfano wa mbegu. Kokwa la mukau ni gumu kama jiwe, na likipandwa hivihivi linaweza kukaa ardhini bila kuota. Wakulima walijua kuokota makokwa zizini, baada ya mbuzi kula matunda, na wengine waliyapitisha motoni ili yapasuke. Wataalamu wa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, wakishirikiana na Wajapani mjini Kitui tangu miaka ya 1980, waliongeza ujuzi wao juu ya huo. Kokwa hupasuliwa kwa kisu na kigongo, mbegu hutolewa moja moja bila kuvunjwa, ncha yake hukatwa kidogo, hulowekwa usiku kucha, kisha ganda lake laini huchanwa kwa wembe na mbegu kulazwa katika mchanga safi uliofunikwa kwa nailoni ili upate joto. Mkono ukiteleza, kiini kinakatika na mche haupo. Mwaka 2012 ulianza mradi wa miaka mitano wa kuboresha mukau na mulaa. Miti mama bora ilichaguliwa katika nyika, na mashamba ya mbegu yakapandwa Tiva upande wa Kitui na Kibwezi upande wa Makueni. Ripoti zake zinasomwa duniani kwa jina la Volkens, lakini kazi ya kutambua mti mama ulio mnyoofu na wenye nguvu ilianzia kwa wakulima walioacha miti hiyo isimame.

Pingamizi la mwisho ni la mtu wa vitendo: mkulima anataka mbao, miche na soko, jina halimshibishi. Lakini jina ndilo linaloamua ni nani anayetambuliwa maarifa yanapogeuka kuwa mali. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 69, inaitaka serikali ilinde maarifa ya jamii kuhusu viumbe hai na rasilimali zao za jeni, na mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Sheria hizo zinahitaji ushahidi kwamba maarifa fulani ni ya jamii fulani. Wafugaji wa Ukambani wanaosugua majani ya mukau kwa wanambuzi ili kuua viroboto hawajaandika makala za kisayansi. Ushahidi wao umo katika masimulizi, na masimulizi hayo yanasema mukau. Anayetafuta kwa jina la Kilatini peke yake atakuta kiungo kilichotolewa maabara, na hatakuta mchungaji aliyetangulia kuyajua majani hayo. Mahali majina mawili yalipoandikwa pamoja, uzi haukatiki. Henk Beentje alifanya hivyo katika kitabu chake cha miti ya Kenya cha 1994, na Patrick Maundu na wenzake wakafanya hivyo katika kitabu cha 1999 juu ya vyakula vya asili vya Kenya, wakiorodhesha majina ya lugha nyingi za nchi kando ya Kilatini. Kazi hizo zimefanya zaidi ya kuhifadhi maneno. Zimempa kila mjuzi wa kijijini njia ya kuonekana.

Sarufi iliyomweka Volkens kwenye mukau ilikuwa tayari kuupokea mukau, na wenye kalamu hawakuuita. Jina la 1895 libaki, kwa kuwa linafanya kazi ya kuunganisha wasomi wa dunia, lakini lisibaki peke yake. Kila kitalu cha Kitui na Makueni, kila pakiti ya mbegu, kila kitabu cha shule na kila ripoti ya utafiti inayotaja Melia volkensii itaje mukau pia, na itaje mahali maarifa yaliyomo yalipokusanywa. Na spishi mpya itakapopatikana katika nyika hizi, mtaalamu wa Kenya atakayeiandikia jina akumbuke kwamba mlango wa azedarach haujawahi kufungwa: neno la Kikamba linaweza kusimama ndani ya Kilatini lilivyo, bila kuombewa ruhusa na bila kubadilishwa herufi.